Hatua ya Saba: Mpe Ruhusa

Jumatatu, 19 Januari 2026

Kazi! Ya wiki moja, ya majaribio, lakini kazi. Ofisi ya mradi wa vichanja vya kukaushia usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, Mbinga mjini. Sista wa shuleni ndiye aliyenipendekeza, eti insha zangu zinaeleweka.

Bosi ni Bwana Tumsifu, mtu wa Moshi. Alieleza haraka haraka, mimi natikisa kichwa tu. Nilivyoelewa: ndani ya programu ya mradi kuna wasaidizi wa akili mnemba. Makarani wa kule ziwani wanawapa kazi kwa simu – kujumlisha ndoo za usipa, kuandaa ripoti, kumpelekea bosi ujumbe. Halafu kuna saa inayohesabu kila msaidizi amefanya kazi muda gani. Makao makuu wanataka hesabu hiyo kila wiki. Maelekezo yapo kwa Kiingereza, makarani yamewashinda. Niandike mwongozo wa Kiswahili.

Ijumaa atakuja Mzee Hilari, karani wa Lituhi, aufuate bila kumuuliza mtu. Akiweza, nina kazi miezi sita. Akishindwa, narudi Kigonsera kupalilia mahindi.

Mama kauliza: kwa hiyo unaandika jinsi ya kuhesabu saa za kitu kisichochoka? Nikasema ndiyo. Akasema haya.

Kazi inaisha saa kumi na nusu. Nimetoka saa kumi na moja na dakika ishirini. Bosi alikuwa kwenye simu, hakuniambia niende.

Jumanne, 20 Januari

Balaa. Programu inaonyesha tangu jana msaidizi wa Lituhi amefanya kazi muda wa saa kumi na tisa mfululizo. Kazi yenyewe: kujumlisha ndoo thelathini na mbili!

Bosi kasema hata punda hulala, nitafute kosa liko wapi. Nikafungua mazungumzo yao.

Mzee Hilari alianza kwa kumuuliza msaidizi mbona hasalimii watu. Msaidizi akaandika: Shikamoo, Mzee Hilari. Mzee: Marahaba, mwanangu, umelelewa vizuri. Ndoo zikajumlishwa dakika ya tatu. Kisha msaidizi akauliza: Je, kuna kingine nikusaidie? Mzee: Hakuna, asante. Wewe je, huko uliko hamjambo? Hatujambo, asante kwa kuuliza. Je, kuna kingine? Hakuna, mvua tu. Pole kwa mvua. Je, kuna kingine?

Mara arobaini na nane! Katikati kuna pengo refu, halafu alfajiri Mzee ameandika: Samahani, usingizi ulinipitia. Hakuna kingine.

Nimecheka mpaka nikaziba mdomo kwa kitenge. Kisha nikaacha kucheka. Ijumaa huyu ndiye mtihani wangu.

Jumatano, 21 Januari

Saa haisimami mpaka mtu abonyeze Maliza. Ni hilo tu. Nikaandika hatua ya saba: “Msaidizi akikuuliza kama kuna kingine, usijibu. Bonyeza Maliza.”

Nikaisoma. Usijibu! Mimi, Ida, namwambia mzee wa watu asijibu! Nikafuta. Nikaandika “tafadhali usijibu”. Mbaya zaidi. Nikafuta.

Bosi akachoka kunisubiri, akampigia Mzee Hilari, simu akaiweka spika.

“Mzee, mbona rahisi? Bonyeza tu Maliza!”

“Mtoto ananiuliza swali, mimi nimfungie mlango usoni? Kwenu Moshi ndivyo mnavyoishi?”

Bosi akaangalia dari. Mimi nikaangalia kibodi.

Jioni nimechelewa tena. Nilisimama mlangoni kwa bosi na mkoba begani, yeye anaongea na simu, hakuniona. Gari la Kigonsera likaondoka. Nimepata lifti ya pikapu yenye mbuzi wawili.

Mama: huna mdomo wa kuaga? Nikamwambia hajaniruhusu. Akasema mbuzi nao walikuwa na ruhusa?

Alhamisi, 22 Januari

Nimepata!!

Jana usiku alikuja babu mdogo. Nikampelekea maji ya kunawa, nikasimama na beseni na taulo. Amekula, amesimulia, mimi nimesimama. Mwisho akasema: haya mama, nenda kapumzike. Ndipo nikaondoka.

Kumbe! Mzee hamkimbii mtoto. Mzee anampa mtoto ruhusa.

Hatua ya saba: “Msaidizi ni mdogo kwako. Hawezi kuondoka mpaka umruhusu, hata kama kazi imekwisha. Usimchoshe. Bonyeza Maliza: hiyo ndiyo ruhusa yake.”

Bosi kasoma mara mbili. Kauliza huu ni mwongozo au ni mafundisho ya kipaimara? Lakini hakufuta. Kasema kesho tutaona.

Ijumaa, 23 Januari

Naandikia ofisini, mezani kwangu.

Mzee Hilari kafika saa tisa, koti mpaka magotini, analalamika baridi ya Mbinga. Mfuko wa usipa kamwekea bosi mezani, juu ya ripoti. Kavaa miwani, kaanza hatua ya kwanza, kidole kwenye kila neno.

Alipofika mwisho wa ya saba alirudisha kidole mwanzo. Akaisoma tena.

“Kumbe nilimsimamisha usiku kucha! Maskini. Haya mwanangu, nenda ukapumzike.”

Akabonyeza. Saa ikasimama. Dakika nne!

Bosi kapiga makofi. Kafungua mdomo kuniambia neno – simu ya makao makuu ikalia, kaingia chumbani kwake, kafunga mlango.

Sasa ni saa kumi na moja na robo. Gari la mwisho la Kigonsera linaondoka saa kumi na moja na nusu. Mzee Hilari, anayesubiri usafiri wa Lituhi, ameniuliza mbona siendi.

Nikamwambia sijaruhusiwa.

“Na Jumatatu unarudi?”

Nikamwambia hajasema.

Ameniangalia juu ya miwani. Kisha ameutwaa mwongozo wangu, hatua ya kwanza, kidole kwenye neno, anamwandikia msaidizi kwenye simu yake huku anasoma kwa sauti: “Mwanangu, mpelekee bosi ujumbe. Kuna binti amesimamishwa hapa tangu Jumatatu. Amruhusu. Na aseme kama ana kazi.”

Amefika hatua ya sita. Nimemnong'oneza: Mzee, bado ya saba.

“Hii sifungi mpaka ajibu.”

Ng'ambo ya ukuta simu ya bosi imetoa mlio wa ujumbe. Saa inahesabu. Dakika sita. Saba. Bosi amekatisha mazungumzo. Kiti chake kimelia, mlango unafunguka, nafunga daftari.