Mafuta ya Mungu

Jumapili, Handsworth

Bado sijampa Njoroge jibu. Mume wangu huyu anataka tukodi gari la kulala ndani, lenye vitanda na jiko, twende nalo mpaka Scotland juu kabisa. Tangu asubuhi namwambia dizeli itatumaliza. Yeye akaendelea tu kuangalia ramani. Afadhali angebisha!

Tukiwa mezani, binti yetu Ciku akauliza kwa Kiingereza chake cha huku ughaibuni kama mimi utotoni nilikuwa siendi popote.

Nikamsimulia. Kila Krismasi Baba alitupakia nyuma ya pikapu twende ushago, kijijini kwa bibi yetu, Cucu. Kwenye kila mteremko aliweka gia free, akazima injini, gari likateleza lenyewe, akapaza sauti: "Sasa tunaenda na mafuta ya Mungu!" Tulinyamaza wote, tukasikia upepo na magurudumu tu. Nilidhani ni mchezo aliotutungia.

Leo, katikati ya kusimulia, ndipo niling'amua kwamba Baba alikuwa anabana petroli. Alibana, na hakuna Krismasi aliyoacha kutupeleka.

Njoroge ameenda zamu ya usiku. Akirudi nitamuuliza kama huko Scotland kuna miteremko.