Tulivyowasafishia Wageni Chemchemi

Kwa Mama, Malindi,
Lushoto.
16 Juni 2024.

Mpendwa kaka Kristian,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi Evelina na watoto, na kwamba baridi ya Mbeya haijawashinda. Hapa kwetu Juni imeingia na ukungu wake. Asubuhi huoni hata banda la mbuzi, na nguo nilizofua Jumatatu bado zinanuka unyevu.

Mama ni mzima. Goti linamsumbua akipanda mlima, lakini mdomo haujapata ugonjwa wowote, na bado ananipangia kazi kama mtoto wa darasa la tatu. Anauliza kila siku kama Fanueli wenu amerudi shule na kama ana sweta nzito. Nimemwambia anayo. Kama hana, mnunulieni, nisiwe nimesema uongo.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu ipo, lakini Mama naye yupo. Nikikupigia tu anakuja kukaa karibu, anataka akusalimie kabla sijafika popote, na akishaichukua simu hairudi mpaka salio liishe. Ninalotaka kukueleza siwezi kulisema yeye akisikia. Na hata asingekuwepo, sidhani kama sauti ingenitoka.

Umeondoka hapa siku nyingi, kwa hiyo nianze mbali kidogo. Kuna taasisi ya utafiti wa maji ya chuo kikuu kimoja ambayo watu wake wanazunguka milima yetu, Mlola, Gare, mpaka huku kwetu. Wanachota maji ya chemchemi na vijito kwenye vichupa, wanayaweka kwenye boksi la barafu na kwenda kuyapima. Halafu wanafuata vijito hivyohivyo hadi vinakoshukia tambarare. Wanataka kujua maji ya mkoa mzima yako katika hali gani, na kama yanaharibika, yanaharibikia wapi. Mimi ndiye katibu wa kamati ya maji hapa kijijini, kwa hiyo wakija huanzia kwangu.

Mwezi wa pili kiongozi wao, Dokta Salama, alinipigia kwamba Jumatano watafika Kwemkuyu kupima chemchemi yetu. Ni binti wa watu mwenye adabu sana, ananiita mama ingawa hatujapishana sana umri. Nikapeleka tangazo likasomwa kanisani Jumapili. Mwenyekiti wetu, Hamisi, naye akawatangazia wenzetu msikitini.

Sasa, kaka, unatujua. Sisi tukisikia mgeni anakuja, hata kuku tunataka kuwaogesha. Jumanne ukapigwa msaragambo wa kijiji kizima ambao sijauona tangu askofu alipokuja. Watu wakafyeka majani, wakazoa tope lote kwenye kisima, wakaokota makopo ya dawa za mboga yaliyozagaa pale juu, wakapanga mawe mapya pa kukanyagia. Mtu mmoja, simtaji, akapanda na maua. Nami tangu Jumapili nilikuwa nimesimama mbele yao na kusema wiki hiyo mabomba ya kupulizia yapumzike, pasije pakanuka dawa mbele ya wageni. Wote wakaniitikia.

Nakuapia sikuwa na nia ya kumdanganya mtu. Kwangu ilikuwa sawa na kuficha masufuria yenye masizi chini ya meza mgeni akibisha hodi. Haikunijia kabisa kwamba safari hii mgeni alikuwa amekuja kuyaona hayo masufuria.

Basi wakaja, wakapima, wakanywa chai, wakasifia maua. Baada ya wiki kadhaa matokeo yakaletwa ofisi ya kijiji kwamba maji ya Kwemkuyu hayana tatizo. Hamisi akanisifu mkutanoni. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, nikamwelezea Mama neno kwa neno, akataka nirudie. Unajua alivyo na chemchemi ile. Aliolewa hapa akaanza kuchota pale, na maji ya bomba la zahanati anasema yana ladha ya msumari. Toka siku ile kila mwanamke anayepita anaambiwa kwamba wasomi wameyapima maji yake wakayakuta safi, na kwamba kazi hiyo nimeisimamia mimi, Efrazia wake.

Sasa nije kwenye shamba lako. Uliponiachia shamba la juu ya chemchemi uliniambia nilitunze mpaka ustaafu uje ujenge. Kaka, nimelitunza kwa tamaa. Ile sehemu ya chini ambayo baba aliiacha na majani, niliilima mwaka juzi nikaweka kabichi mpaka zinakaribia kuchungulia kisimani. Mwaka huu nondo wameshambulia kabichi vibaya, nikawa napulizia dawa kila nikipata nafasi, na kila nikimaliza naosha bomba palepale kwenye mfereji unaopita ubavuni mwa chemchemi. Mlima ni mkali, mgongo unauma, maji yako karibu. Wapo wengine wanaofanya hivyohivyo, lakini hakuna aliye karibu kuliko sisi.

Mwezi wa tano, mvua zikiwa bado zinanyesha, nilikuwa nimeinama mferejini nasuuza bomba. Nikasikia shikamoo nyuma yangu. Alikuwa Dokta Salama na chupa yake mkononi. Safari hii hawakutoa taarifa. Kumbe kila chemchemi wanaipima mara ya pili wakati wa mvua, maana ndipo maji ya mashambani yanapoteremka. Nikaitikia marahaba na povu la dawa linapita katikati ya miguu yangu.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisimama pembeni akanisubiri nimalize, kama mtu anayesubiri zamu yake ya kuchota, kisha akainama akajaza chupa.

Wakati anaifunga akaniuliza, "Mama, ile siku ya kwanza tulipokuja, mlikuwa mmepasafisha?"

"Tulipasafisha, mwanangu. Si tulikuwa tunawategemea ninyi?"

Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Na dawa?"

"Tulisimamisha wiki nzima."

Akasema kosa ni lao pia, hawakupaswa kutangaza siku. Nilimshukuru kwa kunisitiri, lakini moyoni nilijua nani alisimama mbele ya watu akayapumzisha mabomba.

Matokeo ya pili alikuja kuyasoma mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji. Dawa za mboga zimo majini, na mbolea imo. Akasema watu wasinywe maji ya Kwemkuyu kwa sasa, na kwamba kuchemsha hakusaidii, maana moto unaua vijidudu lakini dawa inabaki. Waende bomba la zahanati. Mashamba ya juu yarudi nyuma mita sitini kama sheria inavyotaka, kisha watapima tena baada ya mvua za vuli. Jina la mtu hakulitaja. Watu wakaanza kuulizana ni dawa ya nani, nami katibu wa kamati nikawa nainamia viatu vyangu kama navihesabu. Sikusimama, kaka.

Kesho yake niling'oa kabichi zote za chini, hata zile zilizokwisha kufunga, nikapanda majani ya guatemala yashike udongo. Bomba naliosha juu kabisa shambani, mbali na mfereji. Kwa hiyo jua kwamba hiyo sehemu ya chini uliyotaka kujengea imo ndani ya zile mita sitini na haijengwi tena, na nimeitoa bila kukuuliza. Nisamehe. Ningekuuliza ningelazimika kueleza sababu, na sikuwa tayari. Lakini hilo la shamba naweza kulibeba. Lililonishinda ni Mama.

Mama haachi yale maji. Nilipomwambia matokeo yamebadilika alinitazama kama nimemletea umbea wa sokoni.

"Wageni wa kwanza walisema maji ni safi," akasema. "Hawa wa pili wametokea wapi?"

"Ni walewale, Mama."

"Basi hii mara ya pili wamekosea. Wewe mwenyewe ulisimamia ile ya kwanza, si unajua ilivyofanywa?"

Nikamwambia dawa imeteremka kutoka mashamba ya juu. Akasema juu ni shamba la Kristian, na shamba la mwanawe haliwezi kumtilia sumu mama yake. Hapo mjadala ukafungwa. Nimemletea maji ya zahanati, anayapikia maharage na kunawia. Ya kunywa anaenda kuchota mwenyewe na goti lake, kandoo kadogo, asubuhi kabla sijaamka.

Angekuwa peke yake ningesema ni ukaidi wa uzee. Lakini jirani yetu Zakia, mke wa Kassimu, aliyejifungua mwezi wa nne, naye amerudi Kwemkuyu. Nilimkuta njiani na ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole kwamba kama bibi anakunywa na ni mzima, yeye ni nani aogope, na zahanati ni mbali na mtoto. Wapo na wengine. Wanamtazama Mama, na Mama ananitazama mimi.

Utasema, si umwambie tu ukweli. Nimejaribu. Jumapili iliyopita baada ya ibada tulikuwa wawili tu jikoni. Nikafungua mdomo nimwambie kwamba maji yalikuwa safi kwa sababu tuliyasafisha, na kwamba aliyekuwa akioshea bomba pale ni mimi. Nikajikuta nauliza chumvi ameiweka wapi. Naona haya, kaka. Uso wake ukigeuka sijui nitauweka wapi wangu. Ndiyo maana ninakuandikia, mtu mzima mwenye wajukuu, nikijificha nyuma yako kama tulipokuwa wadogo.

Naomba umpigie. Mpigie jioni akiwa ameshakula, na usianze na shamba. Mwambie kwanza asinywe maji ya Kwemkuyu, na awaambie wanawake wenzake wasinywe mpaka yapimwe tena. Akikuuliza kwa nini wale wa kwanza walisema ni safi, mweleze msaragambo ulikuwa wa nini. Akikuuliza dawa ni ya nani, nitaje. Usinifunike, na usiseme "sisi". Sema Efrazia, kwa mikono yake, shambani kwako. Mimi ataninunia, lakini wewe atakuamini. Mkutano ujao wa kijiji nitasimama na kusema mwenyewe, lakini siwezi kusimama mbele ya watu wakati Mama hajui.

Barua hii ikikufikia usiikalishe. Nakuomba sana.

Habari nyingine ni chache. Viazi vimekubali, kwaya imepata mwalimu mpya anayetuimbisha mpaka makoo yanakauka, na Modesta wa shangazi anaolewa Agosti huko Gare. Wanataka jibu kama mtakuja.

Msalimie sana wifi Evelina, mwambie kitenge kilifika na Mama anakivaa hata kuchumia mboga. Msalimie Fanueli na dada zake, na shemeji Alen mkionana. Huku Hamisi anakusalimu, na Zakia na Kassimu wanakusalimuni nyote. Mungu azidi kuwashika mkono huko mliko, awape riziki na usingizi mzuri, na atukutanishe tukiwa wazima.

Nilikuwa nimeshaikunja karatasi, lakini nimeifungua tena, maana kuna jambo la jana nimeliruka makusudi.

Jana nimetoka kuvuna viazi, jua limeniwakia, nimekaa kizingitini navua viatu. Mama akatoka ndani na kikombe, akaniinamia na goti lake lile bovu. "Kunywa, mwanangu," akasema. "Nimeyafuata Kwemkuyu asubuhi nikijua utarudi na kiu." Akasimama mbele yangu ananitazama. Kuyakataa kungenilazimu kusema kwa nini. Nikayanywa yote mpaka chini, kaka, nikamrudishia kikombe na kumshukuru, na yeye akatabasamu akarudi ndani kunijazia kingine.

Mdogo wako akupendaye na anayekungoja umpigie Mama,

Efrazia