Futa Jina Langu, Uandike Akinyi

Nyakwara, mjukuu wangu Otieno,

Tumepata salamu zako. Huku Oyugis mahindi yamekomaa. Kifua changu ndicho kimechoka. Umeniuliza kwa nini niliacha kutengeneza kurasa za mtandao.

Miaka ya tisini nikifundisha uchoraji, niliamini mtandao ungemfikisha hata mfinyanzi wetu mbele ya dunia nzima. Nilitengeneza ukurasa, nikaupamba kwa nakshi ambayo nyanya yako Akinyi aliipiga kwenye vyungu kwa kamba ya majani aliyoisuka mwenyewe. Nikaupeleka Nairobi kwa disketi, ukawekwa mtandaoni. Mbunifu mmoja wa ng'ambo akaandika kuuliza nakshi ile ni ya nani. Nikajibu kwamba ni yangu.

"Mwalimu, wamesemaje kuhusu kamba yangu?" Akinyi aliniuliza.

"Wanasifu ukurasa."

"Ukurasa haupiki samaki," akacheka, akarudi kwenye udongo wake.

Sikutengeneza ukurasa mwingine. Akinyi alifariki bila kujua nilichojibu.

Nakala ya ukurasa ule imo ndani ya bahasha hii. Urudishe mtandaoni, ufute jina langu, uandike Akinyi. Daktari ananiambia nipumzike. Nitapumzika nikishaliona jina lake.

Babu yako