Pete ya Jua

Mujukuu wangu Mwape,

Jambo huko Kasenga. Hapa Kampemba tuko wazima; mama anakohoa kidogo tu, na anashukuru kwa samaki uliotutumia. Bantu wa mtaa wanacheka wakisikia unaniita kambo, kama mzazi wa mzazi wako, nami niko na miaka kumi na sita, lakini ukoo ndio ulinipa ukambo, sikuuomba.

Nilikuandikia kwamba jua linaweza kuwa darubini, nawe unauliza: tutaona mito ya dunia zingine, mito kama Luapula?

Acha niungame. Mwaka jana mwalimu wa fizike aliniita mbele. "Leo bubu atasema!" wenzangu wakacheka. Mwalimu akachora nukta, akaweka juu yake kitako cha glasi ya mvinyo. Nukta ikafunguka, ikawa pete.

"Jua nalo ni hivi," akasema. "Uzito wake unapinda mwanga unaopita kando yake. Tukituma darubini mbali, kupita sayari zote, igeuke kuangalia jua, ndani ya pete hiyo itaona dunia iliyo nyuma kabisa, ya nyota ingine. Hata mawingu yake."

Jua lile lile linalokausha nguo zetu! Swali kama hili lako la mito lilinijia kinywani. Nikaogopa Kifaransa changu, lugha ya darasani, kitavunjika, nikalimeza.

Jana nilimpelekea mwalimu barua yako, nikauliza kwa Kiswahili. Akajibu: "Labda. Bado hatujaituma darubini hiyo. Kesho uliza mbele ya wote."

Leo nimeuliza, Mwape. Hakuna aliyecheka. Wote waligeukia mwanga wa dirishani.

Kambo yako mudogo,
Chanda