Nailoni chini ya kifuniko cha tangi

Alhamisi jioni, 2001

Kumbe ni mimi. Wiki mbili nalaumu kabureta, nimeisafisha mara tatu, na fundi Mutua ananiambia, "Sista, uza hii pikipiki." Siuzi.

Leo imezima tena kwenye mlima wa Kangundo, na sanduku la chanjo nyuma, barafu inayeyuka. Nilipofungua tangi kuangalia petroli, likavuta hewa kama mtu aliyekuwa anazama. Nikapiga kiki, ikawaka.

Ile nailoni niliiweka mwenyewe chini ya kifuniko, maji ya mvua yasiingie. Ikaziba kitundu cha hewa, petroli ikakataa kushuka.

Nimeitupa. Mutua atacheka, acha acheke.

Lakini nilifika kliniki akina mama wameshaenda, watoto hawajadungwa. Kesho nitawafuata nyumba kwa nyumba.