Leza Yangu Imekata Chuma

Jumamosi, Nakwa. Mvua tangu asubuhi, mtaa mzima umejifungia ndani.

Leo nimefanikiwa jambo ambalo hakuna mtu hapa Babati anayelijua wala kulihitaji. Leza yangu imekata chuma.

Ni kwenye gemu tu, lile la kompyuta ambamo unapewa mchanga, maji, moto na vyuma, kisha unaunda unachotaka uone kitatokea nini. Mdogo wangu Elia ndiye aliyenifundisha tulipokuwa wote nyumbani Iringa. Tangu nihamishiwe ofisi ya huku, nacheza peke yangu.

Shida ilikuwa hii: mwale wa leza, ule mwanga mkali, uliyeyusha chuma vizuri, lakini kile kilichoyeyuka kilipoa na kuziba ufa palepale. Nikaongeza nguvu, mashine ikalipuka. Nikaongeza tena, ikalipuka tena. Leo nikapunguza. Nikaufanya mwale uwe mwembamba kama uzi, na pembeni yake nikaweka upepo wa kupuliza ule uji wa moto kabla haujaganda.

Bamba la chuma likaachana vipande viwili. Safi kabisa.

Nikapiga kelele za furaha. Halafu nikasikia jinsi nyumba ilivyo kimya.

Nikampigia Elia. Nyuma yake kulikuwa na watu wanacheka. "Dada, niko na wageni, nitakupigia," akasema.

Hajapiga.

Aliyekuja ni Mama Neema, jirani yangu. Alisikia ile kelele akadhani nimeanguka. Nikamwamkia, nikamkaribisha, nikamwonyesha. Akasimama mbele ya kompyuta, kitenge kimemlowa mabegani, akatazama bamba likikatwa mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu, sasa hicho chuma kilikukosea nini?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Aliona.

"Njoo kwangu, nimepika makande."

"Asante mama, nimeshakula."

Uongo. Sijatia kitu mdomoni zaidi ya chai. Akanitazama kidogo, akatoka tena kwenye mvua.

Kwa nini nilikataa? Nadhani naogopa kuzoea huku. Nikishakuwa na mahali pa kula Jumamosi, basi nimehamia kweli.

Lakini nyumbani Iringa hakuna anayenisubiri, na simu bado haijalia.

Nazima kompyuta. Natafuta viatu. Nitamwambia Mama Neema sikuwa nimekula.