Makala Yako ya Mashuka

Mwanangu,

Sisi hatujambo. Babu yako goti limepoa, na paa la jikoni halivuji tena.

Makala yako ya gazetini kuhusu hospitali yetu imefika. Karani wa hospitali alitusomea kwa Kiswahili pale uliposema mashuka yana madoa na yananuka. Mhariri ameisifu kwa neno la Kiingereza, "scathing", nikauliza ndiyo nini. Karani akasema, "Mama, ni lawama kali, inayomwunguza anayeambiwa." Kaka yangu, baba yako, anatembea nalo gazeti mtaani, kifua mbele.

Mashuka hayo nayafua mimi, na wewe unajua. Miezi miwili tunafua kwa maji matupu kwa sababu mkuu wa hospitali hajaagiza sabuni. Viganja vimenichubuka. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuuliza.

Mkuu yuko palepale kitini. Mimi nimesimamishwa kazi tangu Jumatatu, na barua waliyonipa imenakili maneno yako yalivyo.

Ukali wako usiupunguze. Andika tena, ila safari hii anza kwa kuuliza sabuni iko wapi.

Ni mimi shangazi yako, niliyekufulia sare za shule, na hazikuwahi kuwa na doa.